Ngozi, Maji na Vumbi la Mugoma

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ya mtu mzima ikitandazwa hufikia mita za mraba moja na nusu hadi mbili. Hushika maji ya mwili yasipotee, huzuia vijidudu visipenye, hupoza mwili kwa jasho, hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, na humwonya mtu kwamba chungu ni cha moto kabla kiganja hakijaungua. Kazi zote hizo huzifanya ikiwa nje, mahali panapofikiwa na kila kitu: moshi wa jikoni, vumbi la njiani, sabuni, jua la shambani, shuka la kitandani, na kile ambacho mwenyewe anajipaka kwa mkono wake. Ndiyo maana mazoea ya kila siku huonekana kwenye ngozi mapema kuliko kwenye viungo vingine, na majirani nao huona.

Mugoma ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima. Nyumba nyingi ziko juu, kwenye migomba, na chemchemi ziko chini bondeni. Dumu la lita 20 hupanda kilima kichwani mwa mama au mtoto kabla maji hayajafika nyumbani. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika, udongo hukauka, na vumbi jekundu hutua juu ya kila kitu. Wilaya yote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo alfajiri na jioni ni baridi na watu huota moto, ilhali saa saba mchana jua la karibu na ikweta huchoma utosi. Maji ya kubebwa, vumbi, moto na jua: hayo manne huamua hali ya ngozi ya mtu wa Mugoma kuliko duka lolote la vipodozi.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limeundwa kwa seli zilizokufa, zilizolaliana kama nyasi za paa la msonge, na katikati yake mna mafuta yanayozuia maji ya mwili kutoka na uchafu wa nje kuingia. Seli hizo huzaliwa chini, hupanda polepole, na baada ya wiki zipatazo nne hubanduka zenyewe. Juu ya ngozi yenye afya kuna asidi kidogo, na asidi hiyo huwapa taabu bakteria na fangasi.

Sabuni ya mche, ile inayokatwa vipande dukani na kutumika kwa nguo, vyombo na mwili, ina alkali nyingi. Huondoa uchafu vizuri, lakini huondoa pia mafuta ya ngozi na kuvuruga ile asidi yake. Mtu anayejisugua kila siku kwa sabuni hiyo na jiwe au dodoki gumu, akidhani kwamba ngozi haijatakata mpaka iwashe, hujikuta katikati ya kiangazi miundi imepauka, imechanika mistari, na inamwasha usiku. Kisha hujikuna, na penye mkwaruzo bakteria huingia. Uchafu mwingi wa mwili uko mahali pachache: kwapani, kinenani, miguuni, usoni, viganjani. Hapo ndipo sabuni inapohitajika. Mikono na mapaja ambayo hayakugusa udongo yanatosheka na maji. Kwa nyumba inayobeba maji kichwani huo ni unafuu mara mbili, kwa ngozi na kwa dumu.

Mafuta nayo yana wakati wake. Yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, hufungia maji ndani. Yakipakwa saa mbili baadaye juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, hung'arisha tu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni ya bei nafuu na yanafanya kazi sawa na chupa za gharama kubwa. Jambo hili lina uzito zaidi kwa watoto wenye pumu ya ngozi, ambao hurithi ngozi isiyoshika maji vizuri: hao huwashwa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mara nyingi manukato ya sabuni za watoto ndiyo huwazidishia. Mzazi anayebadilisha sabuni kila wiki kutafuta iliyo kali zaidi anazidisha moto anaotaka kuuzima.

Baada ya maji na sabuni kuna kitanda. Hapa upele unastahili maelezo marefu, kwa sababu katika nyumba ambamo watoto watatu au wanne hulala godoro moja ndio unaosumbua kuliko yote, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Watu wengi huamini kwamba upele huletwa na uchafu, na mwenye nao husemwa vibaya. Sivyo. Upele huletwa na utitiri, mdudu mdogo asiyefikia nusu ya milimita, ambaye jike lake huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Huhama kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, kama wanavyogusana watoto waliolala pamoja, mama na mtoto mchanga, au mume na mke. Anayeoga mara mbili kwa siku huupata sawasawa na asiyeoga.

Dalili yake kubwa ni muwasho unaozidi usiku. Vipele hukaa katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, makalioni, sehemu za siri za wanaume. Kwa watoto wachanga hufika hata viganjani na nyayoni. Na hapa ndipo mazoea yanapoishinda dawa. Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita kabla hajaanza kuwashwa, na siku zote hizo anaambukiza. Kwa hiyo mtoto wa kwanza anapoanza kujikuna, nyumba nzima huenda tayari inao. Mama humpeleka huyo mmoja zahanati, humpaka dawa, hupona, kisha hurudi kulala kati ya nduguze na baada ya muda mfupi anajikuna tena. Dawa husemwa haifai, kumbe ilipakwa kwa mtu mmoja badala ya wanane.

Dawa iliyozoeleka ni ile ya maji meupe ya benzili benzoati. Hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, si pale panapowasha tu, na hupakwa kwa watu wote wa nyumba usiku uleule, wanaowashwa na wasiowashwa, na kurudiwa kama mhudumu wa afya alivyoagiza. Kwa watoto wadogo huzimuliwa kwanza. Asubuhi yake nguo na mashuka hufuliwa na kuanikwa juani. Utitiri ukitoka mwilini hauishi zaidi ya siku mbili tatu, hivyo blanketi lisilofulika likifungwa kwenye mfuko na kuwekwa kando kwa wiki moja huwa salama. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi hata kama wadudu wote wamekufa, na wengi hapo hukosea kwa kujipaka dawa kila siku mpaka ngozi ikaungua.

Ngara inaujua msongamano kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco wilayani humo ikawa mji wa mahema katika muda mfupi. Watu wanapolala hivyo, bega kwa bega, maji yakiwa ya kupimiana, upele huwa miongoni mwa maradhi ya mwanzo kuenea, na hauwi jambo dogo: mikwaruzo ya kucha huingiza bakteria, na bakteria hao wanaweza kudhuru figo za mtoto. Shirika la Afya Duniani liliuweka upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Kucha fupi za watoto ni kinga ya bure.

Nguo hufuata kitanda. Mitumba inayonunuliwa mnadani ifuliwe na ikauke juani kabla ya kuvaliwa. Nguo za nailoni zinazobana hufungia jasho, na mahali pa jasho, chini ya matiti, kinenani na kwapani, fangasi hustawi. Hayo yanajulikana. Lisilojulikana sana ni hatari ya kuanika nguo chini, juu ya nyasi au kwenye kichaka chenye kivuli. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye udongo na kwenye nguo zenye unyevu, hasa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na kiluwiluwi chake kikiguswa na ngozi yenye joto hupenya bila mtu kusikia. Baada ya siku kadhaa huota uvimbe unaofanana na jipu, wenye tundu dogo juu, na mwenye nao huapa kwamba kuna kitu kinacheza ndani. Kweli kinacheza. Tundu hilo likizibwa kwa mafuta mazito ya mgando, kiluwiluwi hukosa hewa na kujitokeza, kikatolewa. Kamba ya kuanikia iliyo juu, penye jua kali, na pasi ya mkaa iliyopita vizuri kwenye mishono, nepi na mikanda ya nguo za ndani, humaliza tatizo zima. Wanaosema kupiga pasi ni umaridadi tu hawajamwona mtoto mchanga mwenye majipu kumi mgongoni.

Miguu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Jioni, katika nyumba nyingi za vijijini, beseni moja la maji hutolewa uani na watoto hunawa miguu kwa zamu. Wa kwanza hunawa maji safi. Wa mwisho hunawa matope. Hakuna anayekausha katikati ya vidole, kwa kuwa kitambaa hakipo au ni kimoja, na kila mmoja hurudi ndani kwa miguu mitupu, akikanyaga sakafu ya udongo na vumbi lake. Kunawa kumefanyika, lakini miguu inaingia kitandani ikiwa na unyevu na vumbi, na hiyo ndiyo hali inayopendwa na fangasi wa vidoleni. Vumbi lenyewe la sakafu ni makazi ya funza, ambao wengine huwaita tekenya.

Funza si mdudu wa asili ya huku. Alitoka Amerika ya Kusini, akashuka pwani ya Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, akafuata njia za misafara ya biashara, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amelivuka bara hadi Bahari ya Hindi. Nchi za Maziwa Makuu zilikuwa njiani mwake. Wasafiri wa Kizungu waliopita Uzinza, mojawapo ya nchi hizo, na jirani zake katika miaka ya 1890 waliandika habari za watu walioshindwa kulima kwa sababu ya miguu iliyooza. Wenyeji hao walikuwa wamekutana na mdudu mpya, na walikuwa bado hawajajua kumtoa mapema.

Jike la funza huingia kwenye ngozi laini, pembeni mwa kucha, katikati ya vidole, kwenye kisigino, akavimba kwa mayai mpaka akafikia ukubwa wa punje ya njegere. Mayai humwagika sakafuni, huanguliwa ndani ya siku tatu nne, na katika muda wa wiki tatu hivi vumbi lilelile huwa na funza wapya. Nguruwe, mbuzi, mbwa na panya humbeba pia, kwa hiyo nyumba ambamo mbuzi hulala na watu haitammaliza kwa kutibu miguu tu. Kumtoa kwa mwiba au pini inayozunguka kutoka mguu wa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine ni hatari kubwa kuliko funza mwenyewe, kwa kuwa pepopunda na virusi vya damu hupita hapo. Pini moja kwa mtu mmoja, iliyochemshwa, mguu ukiwa umeoshwa kwa sabuni, na kidonda kikatiwa dawa: hapo ndipo kumtoa kunafaa. Sehemu nyingine sasa hutumika mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba funza pumzi akafa bila kuchokolewa, na ni njia bora. Hata hivyo kazi kubwa iko sakafuni. Sakafu iliyosakafiwa haimlei funza. Ya udongo ikinyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa na kukandikwa mara kwa mara humpunguzia mahali pa kuzaliana.

Na viatu. Ndala, yeboyebo au katambuga za tairi, chochote kinachotenga nyayo na udongo. Faida yake si kwa funza tu. Kuna ugonjwa wa kuvimba miguu unaofanana na matende lakini hauletwi na mbu wala minyoo. Huletwa na chembechembe za madini ya udongo mwekundu zinazopenya nyayo za mtu anayetembea pekupeku kwa miaka mingi katika nchi za juu zenye mvua. Nchini Rwanda, ng'ambo tu ya mto Kagera, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliukuta ugonjwa huo katika wilaya zote 30. Hauna chanjo, na unazuilika kabisa kwa viatu na maji ya kunawa. Mtoto anayenunuliwa viatu vya shule na kuambiwa avivue arudipo ili visichakae, akashinda shambani pekupeku, amekingwa saa za darasani tu.

Moto wa jikoni huacha alama yake pia. Wazee na akina mama wanaokaa karibu na mafiga kila alfajiri na jioni, miguu ikielekea moto, huota kwenye miundi na mapaja ya ndani madoa ya hudhurungi yenye umbo la wavu. Hayaumi, na wengi huyachukulia kuwa ni uzee. Ni joto la miaka mingi lililodhuru mishipa midogo ya damu na nyuzi za ngozi. Mtu akisogea nyuma mapema hufifia, akiendelea hubaki, na mara chache baada ya miaka mingi huweza kugeuka saratani. Moto wenyewe ukimuunguza mtoto, dawa ya kwanza ni maji ya baridi ya kawaida yanayomiminwa juu ya jeraha kwa dakika 20. Unga, dawa ya meno, mayai, samadi na matope hufungia joto ndani na kuleta vijidudu, na muuguzi hulazimika kuvibandua pamoja na ngozi. Ni desturi ya huruma, lakini inaumiza, na inafaa iachwe.

Kuhusu jua, ngozi nyeusi imejaliwa kinga. Rangi yake, melanini, hukaa juu ya kiini cha kila seli na kukitia kivuli. Mkulima mweusi wa Mugoma anayelima maharage mchana kutwa hana sababu ya kuogopa saratani ya ngozi kama anavyoiogopa Mzungu, ingawa madoa meusi mashavuni kwa wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huzidishwa na jua, na kofia pana husaidia. Mambo ni tofauti kabisa kwa mtu mwenye ualbino, ambaye seli zake hazitengenezi rangi hiyo. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi, idadi kubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtoto kama huyo akitumwa kuchunga mbuzi bila kofia wala mikono mirefu, ngozi yake huanza kuharibika akiwa bado mdogo, na saratani inaweza kumpata akiwa kijana. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianzishwa mwaka 1992, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Mafuta hayo hayana maana bila kofia pana, mikono mirefu, na kazi za kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwalimu anaweza kumhamisha mtoto huyo kutoka dirishani. Ni hatua ndogo, na ni jukumu lake.

Chakula huonekana kwenye ngozi hasa kinapokosekana. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa ndizi au ugali wa muhogo peke yake, bila maharage, dagaa, karanga wala maziwa, huweza kupata kwashakoo: miguu huvimba, nywele huwa nyepesi na nyekundu, ngozi hubambuka vipande. Mtu mzima anayekunywa rubisi au gongo badala ya kula hukosa vitamini za kundi B, na shingo, mikono na miguu yake huungua juani kupita kawaida, ikawa myeusi yenye magamba. Tumbaku hubana mishipa ya damu ya ngozi na kuchelewesha vidonda kupona. Maharage ya Ngara na mboga za majani, kila siku, ni chakula kizuri cha ngozi.

Kichwani, mapunye ya watoto hutibiwa kwa vidonge, kwa sababu fangasi wake wako ndani ya shina la unywele ambako krimu haifiki. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa kwa spiriti kati ya mteja na mteja huyahamisha. Rasta na misuko inayokazwa mpaka ngozi ya paji inavutika hung'oa nywele za mbele taratibu, na baada ya miaka hazirudi.

Yote hayo, hata hivyo, hayafikii madhara yanayonunuliwa kwa pesa taslimu. Krimu za kuchubua na mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu mbili tatu unaotengenezwa nyumbani au saluni, zimefika hadi vijijini. Viambato vyake vikuu ni vitatu. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi, lakini hupenya damuni, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni hung'arisha kwa miezi, kisha ikitumika kwa muda mrefu huacha juu ya mashavu weusi wa rangi ya buluu usiofutika. Steroidi kali, kama klobetasoli, hupunguza unene wa ngozi mpaka mishipa inaonekana, huleta michirizi mapajani na mikononi, chunusi, na vidonda vinavyochelewa kupona. Mwanamke aliyejichubua kwa miaka akihitaji kufanyiwa upasuaji, ngozi yake haishiki nyuzi vizuri.

Sheria ya Tanzania inakataza vipodozi vyenye viambato hivyo, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mkataba wa Minamata uliokubaliwa mwaka 2013 nao uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Bado makopo yanapatikana, na wilaya iliyo mpakani ina njia nyingi za panya. Lawama haifai iishie kwa wanawake. Muuzaji anajua anachouza, na vijana wanaosifia weupe wanajua wanachosema. Bei ya kopo moja la krimu ya kuchubua ingemnunulia mtoto ndala na ya sabuni ikabaki, na matumizi hayo ndiyo yangemletea ngozi nzuri.

Steroidi huingia pia kwa mlango mwingine, ambao hauhusiani na urembo. Mtu mwenye choa huenda duka la dawa muhimu, akaomba krimu ya kuwashwa, akapewa tyubu yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi pamoja. Muwasho hutulia kwa siku mbili, naye huridhika. Fangasi hawajafa, wamenyamazishwa tu, na wanaendelea kutambaa chini ya ngozi iliyodhoofishwa. Mwezi baadaye choa kimeenea, hakina tena umbo la duara, na hata mganga hukitambua kwa shida. Choa cha mwilini kinahitaji dawa ya fangasi peke yake, kwa wiki kadhaa, na kuendelea kupakwa kwa muda hata baada ya alama kutoweka.

Zipo dalili ambazo mazoea mema hayazitoshi, na hizo ni za kupelekwa zahanati, kisha ikibidi hospitali kama Murgwanza hapo Ngara au Bugando jijini Mwanza. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, hasa kwa mtu mwenye ualbino au juu ya kovu la zamani la moto, kinahitaji kuchunguzwa kama ni saratani. Mkanda wa jeshi kwa kijana, au vipele vya kuwasha vinavyorudi kila mara mikononi na miguuni, ni sababu ya kupima virusi vya Ukimwi. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mwaka 1983, unajua gharama ya kuchelewa. Na baka lililofifia rangi ambalo mwenyewe halisikii likiguswa kwa pamba, halimwashi wala halimuumi, linaweza kuwa ukoma. Watu huliacha kwa sababu haliumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Dawa za ukoma hutolewa bure katika vituo vya afya, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina yake, na anayezianza mapema hupona bila ulemavu.